Masahihisho, Ukurasa wa Saba

Mama yao alipofariki, dada mtu alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake sita. Alimlea kama aliyemzaa, hakutaka kuona chozi lake. Alipopata kazi ya kusoma prufu, kurasa za majaribio kabla hazijachapwa, katika gazeti la asubuhi, akamwombea na mdogo wake nafasi ya kuuza matangazo. Kijana alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

Mwaka wa nne akakosana na mhariri mwenye gazeti, mzee mkavu aliyeweza kuishikilia habari siku tatu mpaka aithibitishe.

"Watu hawanunui ukweli, dada," alisema akifungasha vitu vyake. "Wananunua alichofanya jirani yao."

Dada alicheka, akidhani ni hasira tu.

Akaanzisha gazeti lake la jioni katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Lilitoka saa kumi kamili, kwa nusu bei, picha kubwa maneno machache, likiwakuta watu wanatoka kazini. Watu wakambandika jina: Saa Kumi. Mzee aliposhusha bei, Saa Kumi akashusha zaidi. Mzee alipoongeza kurasa, Saa Kumi akazinunua karatasi zote za mwagizaji wa pekee, mzee akabaki kuchapa kurasa nane, kisha sita. Haikupita miaka mitano, Saa Kumi alikuwa na mitambo miwili, jengo la ghorofa nne, na kitambi.

Dada alibaki kwa mzee. Kisha figo za mumewe zikagoma. Mara mbili kwa wiki ilibidi akasafishwe damu, na gari la Saa Kumi ndilo lililompeleka, bila kuombwa.

"Shemeji yangu hahangaiki barabarani mimi nikiwa hai," alisema.

Jumatano moja gazeti la jioni lilitoka na picha ya mfamasia wa mtaani kwao dada, na juu yake: DAWA ZA KIFO. Mtoto alikuwa amekufa baada ya kunywa dawa ya kikohozi. Dada alimjua vizuri mfamasia yule. Ndiye aliyekuwa akimwandikia mumewe maelezo ya dawa kwa herufi kubwa ili asome bila miwani. Mzee alituma mwandishi hospitali, na asubuhi dada akaingia ofisini kwa mdogo wake na nakala ya cheti cha kifo mkononi.

"Umemchafua mtu wa watu," alisema.

"Kaa kwanza, dada. Umekunywa chai?"

"Mtoto alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Na dawa ile haikununuliwa pale. Soma."

Saa Kumi alisoma polepole mpaka mwisho. "Basi tumekosea. Tutasahihisha."

"Ukurasa wa mbele."

"Ukurasa wa mbele una kazi nyingine, dada yangu."

Masahihisho yalitoka jioni ile, ukurasa wa saba, mistari minne chini ya tangazo la matairi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu mchana watu walikuwa wamevunja duka na kumtoa mfamasia nyuma ya kaunta. Alilazwa wiki mbili, akafa. Gazeti la jioni lilichapa picha ya jeneza lake, likauza kuliko siku ya kwanza.

Mzee aliuweka ukweli wote ukurasa wa mbele, na cheti chenyewe. Mitaani wakamwita wakili wa wauaji. Wenye matangazo wakamkimbia mmoja mmoja, na mwaka haukuisha Saa Kumi akalinunua gazeti la asubuhi: jina, mtambo, viti, na dada yake ndani.

"Usiache kazi kwa ajili yangu," mzee alimwambia dada akikabidhi funguo.

"Sikufikiria kuacha," dada alijibu, na aibu ikamshika kwa sababu alisema kweli.

Nyumbani mumewe alisema, "Gari lile silipandi tena."

"Ili ufe?"

Jumatatu honi ilipolia, mumewe alichukua fimbo yake akatoka.

Siku hizi dada anasoma prufu za magazeti yote mawili. "Wewe angalia herufi tu," mdogo wake alimwambia kwa upole. "Habari zina wenyewe."

Wiki iliyopita aliletewa habari ya mkunga anayeuza watoto wachanga. Hakukuwa na shahidi wala hati, ila inasemekana, inasemekana. Akamwita mwandishi.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hapatikani, mama."

"Ulimtafuta?"

Mwandishi alitazama viatu vyake. "Bosi anaitaka kabla ya saa sita."

Dada aliirudia habari tangu juu. Jina la mkunga lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili.

"Lipi sahihi?" aliuliza.

"La kwanza, mama."

Akalirekebisha kila mahali, mara tano. Akaondoa mkato uliozidi katika mstari wa mwisho, akatia sahihi yake pembeni, akampa mwandishi karatasi. Kisha akavuta prufu iliyofuata.