Kulitafutia Sikio Mlio Wake

Sikio langu la kushoto linalia. Sisemi linauma. Linalia, mlio mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka, mchana na usiku. Nimekuwa nikitengeneza sufuria kwenye mashine za kiwanda kimoja cha Industrial Area tangu nikiwa kijana, na daktari aliniambia wazi kwamba masikio yote mawili yameharibika na hakuna dawa. Nilimshukuru kwa kutonizungusha.

Mke wangu Sally hakushukuru. Redio yetu haizimwi usiku ili inifunikie ule mlio, na yeye hukesha kando yangu. Ndiye aliyesikia kanisani habari za Clare, mwanamke wa mtaa wa Tena anayetuliza watu kwa sauti.

"Twende tu, Baba Jacky. Usipopona, utakuwa umenyoosha miguu."

Clare alikuwa amekodi chumba juu ya duka la dawa. Vyombo vyake vya sauti vilining'inia kama nyama buchari. Hakutaka kunichagulia.

"Mzee, ni wewe unajua hiyo kelele yako. Tafuta chombo kinacholia kama hiyo. Nikikipiga polepole, sikio litaona limejibiwa, litulie."

"Na lisipotulia?"

"Basi uniambie. Wengine hunidanganya ati wamepona."

Nilimpenda kwa hilo. Nami nilitaka iwe kweli. Usingizi wa usiku mmoja tu ungenitosha.

Tulianza na gongi, sahani ya shaba pana kuliko sinia ya harusi. Akaigonga kwa rungu lililofungwa kitambaa, ikanguruma hadi kifuani mwangu. Nzito mno. Ya pili ilikuwa kama lori likivuka daraja. Ya tatu Sally akaisema vibaya.

"Hiyo ni ya kuita watoto wa nasari kwa uji."

Clare akacheka hadi akakosea kuigonga.

Kisha yakaja mabakuli ya shaba. Alisugua ukingo kwa kijiti na bakuli likaimba.

"Karibu," nikasema. "Sauti ipande juu."

Akaleta dogo.

"Juu zaidi."

La mwisho lilikuwa kama kikombe cha chai. Nililiinamia. Lilifika karibu kabisa na mlio wangu, halafu likakoma chini yake.

"Sasa zimebaki hizi tu," Clare akasema. Vilikuwa vijiti vya chuma, vyembamba kama sindano za kufumia, vikining'inia safu moja kwenye ubao. "Sina kitu kinalia juu kuliko hizi."

Akavipitishia kidole. Vikacheza. Nikangoja.

"Gonga basi," nikasema.

Sally aliweka mkono mdomoni. "Amegonga, Baba Jacky."

"Agonge tena."

Niliona kidole kikipita na vijiti vikigongana. Nikageuza sikio la kulia. Huko pia hapakuwa na kitu. Birika tu, lile lile.

Clare akavishika vikasimama. Akaketi sakafuni, akanitazama bila kupepesa macho.

"Mzee, naona kelele yako iko pale pale masikio yalipokufa. Siwezi kuijibu na sauti ambayo huisikii."

"Una chombo kingine?"

"Sina."

"Daktari pia hakuwa nacho," nikasema. "Pole kwa kukusumbua."

Nikamuuliza Sally vijiti vinaliaje. Alifikiri.

"Kama mvua ikianza kwa mabati, lakini mbali. Mabati ya watu wengine."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana. Wacha, twende nyumbani."

Lakini hakuinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na mara hiyo nikaona alivyozeeka mwaka huu. Nikamwambia ajilaze kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili yangu. Alikataa, akaniita mjinga, kisha akajilaza. Nikamwomba Clare anipe ule ubao.

Nikapitisha kidole kama nilivyomwona akifanya. Clare akanionyesha kwa mkono nipunguze nguvu, nikapunguza. Bega la Sally likashuka. Baadaye mdomo wake ukafunguka kidogo, kifua kikawa kinapanda na kushuka kama cha mtoto aliyeshiba.

Sikuthubutu kuacha. Nikaendelea kuvipiga, nikimtazama Clare usoni ili nijue kama bado vinalia.