Mwaitu wa Polandi

Kwa siku kumi kabla ya Krismasi, Syombua alimchukia mwanamke ambaye hajawahi kumtia machoni. Alimchukia akipalilia maharagwe, alimchukia akikamua ng'ombe, na Jumapili, Mungu amsamehe, alimchukia hata padri alipokuwa akiinua hostia. Mwanamke huyo aliitwa Danuta. Alikuwa Mzungu wa Polandi, mpishi katika chuo cha huko alichosoma Mutanu, binti ya Syombua, na kosa lake lote ni kwamba alimkaribisha Mutanu nyumbani kwake likizo ya baridi.

Usimdhanie Syombua roho mbaya kabla hujajua alikotoka. Mutanu alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya miaka tisa ya ndoa, miaka ambayo wanawake wenzake wa Masii walikuwa wakinyamaza ghafla wakimwona anakuja na mtungi. Siku aliyojifungua, jina lake mwenyewe likafa. Akawa Mama Mutanu kwa kila mtu, kuanzia padri hadi muuza nyanya, na lile la zamani hakuwahi kulililia.

Mwanzoni hata alishukuru. Hosteli ya chuo ilifungwa kila Desemba, wanafunzi wakaenda kwao, na Mutanu hakuwa na kwao pa kwenda ila kwa ndege. Aliposema mpishi mmoja mjane amempa chumba, Syombua aliiomba jumuiya yake ya kanisani imkumbuke huyo mama katika sala. Jumuiya ikasali. Kisha picha zikaanza kuja.

Ya kwanza, Mutanu amevaa sweta jekundu. "Amenifumia mwenyewe," aliandika chini yake. Ya pili, wawili hao jikoni, aproni kwa aproni, unga umewapanda mpaka puani. Ya tatu, theluji, na mkono wa Danuta juu ya bega la Mutanu. Hii ya tatu Syombua aliikuza kwa vidole viwili mpaka mkono ukajaa simu nzima. Ulikuwa mkono mnene, mwekundu, uliotulia pale begani bila wasiwasi wowote.

"Danuta na Mutanu," akacheka Kimeu, mumewe. "Hata majina yanaitikiana. Ungesema ni mtu na dada yake."

"Au mtu na mama yake," akasema Syombua.

Kimeu hakukisikia kijembe. Kimeu alikuwa mtu wa kusikia redio tu.

Kwenye jumuiya mambo yakawa mabaya zaidi. Jirani yake Kavata, mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliipitisha simu mkono kwa mkono, halafu akapiga makofi. "Aiya! Mama Mutanu, si umepata mke mwenza! Na huyu wako ako na oveni!"

Wote wakaangua kicheko. Syombua alicheka kuliko wote. Kisha akarudi nyumbani, akachukua sufuria iliyokuwa safi, akaisugua kwa majivu mpaka mkono ukamuuma.

Tarehe ishirini na mbili ukaja ujumbe wa sauti. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

"Mwaitu, nimemfunza Danuta Kikamba kidogo," sauti ya Mutanu ilisema, imejaa furaha. "Aliniuliza kwetu mama anaitwaje, nikamwambia. Sasa anataka nimwite hivyo. Watoto wake wako Uingereza, hakuna mwenye anakuja Krismasi. Aki ungeona vile amefurahi. Danuta, sema!"

Ikafuata sauti nzito, ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni: "Mwa-i-tu." Na vicheko viwili vikachanganyika, usijue kipi ni cha nani.

Syombua aliusikiliza ujumbe ule mara tatu, na kila mara roho ilimuuma mahali papya. Sweta angelimezea. Keki angelimezea. Lakini mwaitu, mama yangu, ndilo neno alilolisubiri miaka tisa, na mtoto alipozaliwa akalisubiri tena mwaka mzima mpaka likatoka, limepinda, likiwa na mate. Danuta alikuwa amelipata kwa wiki moja. Wivu ukampanda mpaka kwenye masikio. Akaacha mchele ukaliwa na kuku, akapiga simu.

"Huyo mwanamke ni nani yako?"

"Nani, mwaitu?"

"Usiniite hivyo. Mtu hana mwaitu wawili. Kama ni yeye, kaa huko ule keki zake, mimi nitajua sina mtoto. Kama ni mimi, toka kwa hiyo nyumba kesho. Na akipiga simu usishike."

"Lakini mwaitu, nitaenda wapi? Hosteli..."

"Kwani hosteli ni ya nini? Si uko na kitanda huko? Mtoto wangu hawezi kulala kwa watu Krismasi."

Mutanu hakulelewa kujibizana, na aliyemlea hivyo ni Syombua mwenyewe. Kwamba hosteli imefungwa, Syombua alikuwa ameambiwa. Alikuwa amesahau, au alikuwa amejisahaulisha. Hata ukimuuliza leo hatajua lipi ni lipi.

Kesho yake jioni likaja neno moja: "Nimetoka."

Basi, mama wa watu akafufuka! Alifagia uwanja akiimba. Alimwongezea mbwa chakula. Alimwambia Kimeu achinje yule beberu mkubwa, si mdogo kama walivyopatana, na Kimeu, ambaye hakuambiwa kitu, akadhani ni baraka za Noeli. Kavata na wanawake wa jumuiya wakaalikwa waje siku yenyewe baada ya misa, wale, kisha wamwone Mutanu kwenye simu.

"Mtamwona mtoto wangu," Syombua aliwaambia. "Wangu."

Krismasi ilikuja na jua kali. Saa nane mchana chapati zilikuwa zimepangwa, supu inachemka, na wanawake kumi wamekaa chini ya turubai wakijipepea kwa vitambaa. Syombua aliegemeza simu kwenye birika la chai, akaita. Mutanu akatokea. Alikuwa amevaa koti kubwa lililofungwa mpaka kidevuni na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Syombua alitafuta ukosi wa sweta jekundu chini ya lile koti, hakuuona, na moyo wake ukacheza ngoma.

"Umenona!" wakamwambia Mutanu. "Umekuwa mweupe!"

Mutanu akacheka, akawasalimu mmoja mmoja kwa majina. Kavata ndiye aliyesogeza uso karibu na simu.

"Mama Mutanu, mbona mtoto anatoa moshi kwa mdomo? Kwani amejifunza sigara?"

Wakacheka tena, wote isipokuwa Kimeu, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kisu cha nyama mkononi. Akainama, akatazama.

"Hiyo si sigara," akasema. "Hiyo ni baridi. Mtoto ako ndani ya nyumba na anatoa moshi."

Vitambaa vikaacha kupepea.

"Mutanu, uko wapi?" akauliza Syombua, ingawa alijua.

"Hosteli, mwaitu. Mzee wa lango alinionea huruma, akanifungulia."

"Na ile mitambo ya joto uliyoniambia?"

"Wanazima mpaka tufungue. Tarehe tano."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu. Ghorofa yote." Alisema kama jambo la kuchekesha, na alipotabasamu Syombua akaona midomo imepasuka, na kidevu kinatetemeka ndani ya koti.

"Umekula?"

"Mkate uko. Usijali, mwaitu. Si nimekuchagua wewe?"

Hakulisema kwa kumsuta. Lau angemsuta, Syombua angepata la kujibu. Alilisema kama mtoto anayeleta daftari nyumbani lionekane alama. Syombua alikuwa ameshinda, na ushindi wake ndio huo, ukitetemeka mbele ya wageni wakati supu inachemka.

"Danuta anajua uko hapo?"

"Anapiga tu simu. Sijashika. Ulisema."

Hakuna mwanamke aliyemtazama Syombua. Hata Kavata alipata ghafla kitu cha kuangalia kwenye sahani yake.

"Mpigie," akasema Syombua. "Muingize hapa, nimwone."

"Nitamwambia nini?"

"Mimi ndiyo nitasema."

Kioo cha simu kikagawanyika mara mbili, na uso wa Danuta ukaja. Ulikuwa mzee kuliko wa kwenye picha, nywele hazijachanwa, macho yamevimba. Kwa siku kumi Syombua alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia mwanamke huyu, maneno makali, mengine ya kutia aibu. Sasa yote yaliyeyuka.

"Mwambie ni mimi nilikutoa kwake," akamwambia Mutanu. "Si wewe. Mwambie nilimwonea wivu."

"Mwaitu, watu wanasikia."

"Wacha wasikie. Mwambie aje akuchukue."

Mutanu akaanza kutafsiri, akilia sasa waziwazi. Hakufika mwisho. Danuta alishasimama, upande wake wa simu ukabaki kiti kitupu na kikombe mezani, kisha ukasikika mlio wa funguo, kisha mlango.

"Ni dakika ishirini na gari," akasema Mutanu.

Dakika ishirini! Syombua hangeweza kumfikishia mtoto huyu hata blanketi kwa siku ishirini. Akakaa palepale. Wanawake wakala kwa sauti ndogo, Kimeu akamletea sahani, haikuguswa. Aliongea na Mutanu juu ya beberu, juu ya mvua ya mwezi uliopita, juu ya nani ameoa, ilimradi yule mtoto asinyamaze, na huku akiongea wivu ulikuwa unarudi, safari hii haukuwa wa sweta wala wa keki. Aliuonea wivu mguu wa Danuta, utakaopanda ngazi za hosteli.

Mlango wa Mutanu ukagongwa. Akaiacha simu kitandani, imeegemea mto, na Syombua akaona yote: Danuta akiingia, theluji mabegani, blanketi mkononi, akimfunika yule msichana kichwa na mwili, akimkaripia kwa lugha yake, karipio ambalo mzazi yeyote wa Masii angelielewa bila mkalimani. Mutanu akauzamisha uso kifuani mwa Danuta.

"Mwaitu," akasema, sauti imekatika.

"Niko hapa, mwanangu!" Syombua akaitika upesi, akiinamia simu.

Lakini Mutanu alikuwa ameipa simu mgongo.