Pazia la Bwana Haswell

Jumatano asubuhi soko la wanawake la Ibra, kule Omani, lilikuwa limeshachangamka. Bi Ghaniya alikuwa amekwishapanga vikopo vyake vya udi, amemimina kahawa, na alikuwa akigombana kwa raha zake na jirani yake Bi Radhia juu ya nani kamla mwenzake kivuli, pale Bwana Leonard Haswell alipofika langoni. Alivaa koti la sufu katika joto lile na hakutoka hata tone la jasho, maana alikuwa amekufa mwaka uliopita huko kwao Uingereza. Alivua kofia akasimama nje, kwani soko hilo mwanamume haingii.

Bi Ghaniya alimtambua mara moja. Ndiye yule yule aliyesimama hapo hapo miaka ya themanini, mashine ya kunasa sauti inamning'inia begani. Siku ile wanawake walikuwa wakiimba huku wakifungua mafurushi, nusu kwa Kiswahili walichotoka nacho Unguja, nusu kwa Kiarabu cha wenyeji. Walipoona mwanamume mlangoni wakanyamaza, watu wenye haya zao. Akangoja mpaka adhuhuri, akakunja nyaya zake, akarudi London na kuandika kitabuni: "Wanawake wa Ibra hawaimbi."

Angekuwa mtu mwingine, maneno yangepita. Lakini Haswell alikuwa Haswell. Utotoni, mwana wa fundi viatu, aligundua kanisani kuwa kinanda kimeshuka nusu ya sauti, na watu wazima wakamsikiliza, na pengine hapo ndipo alipoharibika. Baadaye akawa mhakiki wa gazeti: akiandika asubuhi kwamba sauti ya fulani imechakaa, ikifika jioni imechakaa kweli. Vitabu vyake vya muziki vilisomeshwa kila mahali, na mashine nazo zikamtii. Tangu kitabu kile kitoke, hakuna kaseti wala simu iliyowahi kunasa sauti ya mwanamke wa Ibra akiimba. Zilinasa makofi, bangili, mbuzi wa mnada wa jirani na honi za magari. Video za harusi zao zilijaa watu wanaofumbua na kufumba midomo, na wenyewe walishazoea.

Aliyeingia taabuni ni Ghadeer, mjukuu wa Bi Ghaniya, aliyekuwa akisoma shahada ya pili katika chuo ambacho hatutakitaja, maana ugomvi hatuuwezi. Alitaka kufanya utafiti wa nyimbo alizozitunga mama yake Bi Ghaniya, ambazo sasa hakuna azijuaye zote ila bibi mwenyewe. Ghadeer hakuweza kuzirithi kwa mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai. Na kifua cha Bi Ghaniya kilikuwa hakimpi tena pumzi za beti ndefu. Bibi alitaka nyimbo za mama yake zibaki mahali, na alilitaka hilo kuliko kuiona tena Unguja.

"Bibi, simu inashika mbuzi tu," Ghadeer alimwambia wiki ile. "Na mushrif wangu, yule anayenisimamia, anasema kitabu ishasema. Hamna sauti, hamna bahth, hamna utafiti. Khalas."

Kwa hiyo Haswell alipotoa shikamoo, yeye mkubwa kumwamkia mdogo, Bi Ghaniya aliitikia marahaba bila kumsahihisha. Mzungu alieleza, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba huko aliko ameambiwa kuna kitu alikikosa Ibra, na amekuja kukisikia.

Swali likawa kama maiti ni mwanamume. Bi Radhia hakutaka mchezo. Mwanamume akifa, alisema, wanaume wenziwe ndio wanaomwosha, basi ni mwanamume vile vile. Mwishowe walitundika leso langoni, wakampa kigoda nyuma yake, uso kwenye magari. Ndani hayumo, nje hayupo.

Kisha Bi Ghaniya akaimba, na soko zima likaitikia. Walipomaliza, ilisikika pua ikivutwa nyuma ya leso.

"Nilikosea," alisema. "Tena vibaya."

Ghadeer, aliyekuwa amefungua simu mezani, alisikiliza alichonasa. Bangili, makofi, mbuzi. Hata toba ya marehemu haikuwamo.

"Basi nenda ukaufute ule mstari," Bi Ghaniya akamwambia. "Sisi tupo."

Alikwenda. Jumatano iliyofuata alirudi, akakaa kwenye kigoda chake bila kuambiwa. Wachapishaji, alisimulia, walimpokea kwa adabu na kumpa chai. Walimweleza kwamba kitabu cha marehemu hakiguswi bila idhini ya mwandishi. Akawaambia mwandishi ndiye yeye, na idhini anaitoa. Wakampa pole kwa msiba wake.

Toleo jipya likatoka, na utangulizi unaosifu sikio ambalo halikupitwa na kitu. Ghadeer naye, muda umembana, akabadilisha mada. Akaandika juu ya maisha na kazi ya Leonard Haswell, na Haswell akamjibu kila swali kutoka nyuma ya leso. Ghadeer alipasi kwa daraja la juu kabisa. Mushrif wake alishangazwa na habari za yule fundi viatu.

Ghadeer alilileta buku la utafiti wake sokoni, limejaladiwa vizuri. Bi Ghaniya akamwomba amsomee panapohusu Ibra. Msichana akasoma, macho chini: wanawake wa Ibra hawaimbi.

"Na mimi umenitia wapi, mwanangu?"

Ghadeer akafungua ukurasa wa shukrani. Lilikuwamo jina la bibi yake, anashukuriwa kwa kahawa.

Bi Ghaniya aliumia, na hakuficha. Kisha akamwambia Haswell akae sawa, akauanza wimbo mrefu wa mama yake. Beti ya mwisho pumzi ilimkatikia katikati, na wenziwe waliobaki kuitikia hawakuijua, wakapiga makofi tu. Haswell naye alipiga, nje ya mahadhi, Bi Radhia akamkemea.

Simu ya Ghadeer ilikuwa wazi mezani. Ilinasa makofi ya wanawake, bangili, na mbuzi.