Behewa la Mwisho Kwenye Kona

Baba yake Mshonaji, ambaye wenzake wa stesheni walimwita Breki, alifunga na kufungua mabehewa maisha yake yote. Alipostaafu akajijengea reli ndogo juu ya meza ya sebuleni. Treni ya kuchezea, ukipenda, lakini ole wako uiite hivyo mbele yake! Behewa likitoka relini hakumruhusu mtu kuligusa. Alilishika ubavuni mwenyewe, akayaketisha magurudumu ya mbele, akalivuta taratibu mpaka ya nyuma nayo yakaingia, tki.

"Mikono yenu ina mafuta," alikuwa akisema.

Sasa Breki alikuwa kaburini, na Mshonaji alikuja kumchukua mama yake wakaishi pamoja. Mama akakataa katakata. Kila jioni, alisema, behewa la mwisho huanguka pale kwenye kona, na kila asubuhi hulikuta limepandishwa.

"Baba yako huyo. Nimwache na nani?"

Mshonaji hakuwa mtu wa kudanganywa mchana kweupe. Aliamini mama mwenyewe ndiye anayelipandisha. Jioni ile behewa lilipoanguka, aliisaga chaki yake ya kuchorea vitambaa, akalipaka unga wake ubavuni. Njia ya mwongo ni fupi.

Asubuhi behewa lilikuwa juu ya reli. Kwenye chaki palikuwa na alama ya dole gumba, pana, bapa, lenye mpasuko katikati. Dole hilo alilijua. Lilibanwa na ndoano za mabehewa Mshonaji akiwa bado mdogo, na ndilo lililomfuta machozi utoto wake wote. Akakaa kitako sakafuni. Aliogopa, tena sana, lakini kuliko hofu alimkumbuka baba yake mpaka kifua kikamuuma.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama. Ila linaangukaje? Treni haijawashwa tangu msiba."

Mama akainamisha macho, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Naliangusha mimi."

"Mama!"

"Sasa likikaa sawa, mwanangu, atakuja kufanya nini?"

Habari ya kuhama Mshonaji hakuitaja tena. Alikaa palepale chini, akiitazama ile alama.

"Leo," akasema mwishowe, "niachie mimi niliangushe."