Baridi Iliyobisha Hodi

Salimu wa Msambweni alilileta gari lake gerejini Bongwe saa nne asubuhi, madirisha yote yakiwa wazi na jasho likimtiririka. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili, jekundu lililopauka kwa chumvi ya bahari. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyefunga virago hoteli zilipokosa wageni.

"Nitolee AC yote," alimwambia fundi Kilonzo. "Kompresa, mabomba, hata kile kisanduku cha kupozea kilichomo ndani ya dashibodi."

"Kwa joto hili la Bongwe, bwana Salimu? Wenzako wanalia wawekewe, wewe wataka kutolewa!"

"Nataka gari jepesi," Salimu alisema, macho yake yakiwa pembeni.

Mbodze, mkewe Kilonzo, alimwona alivyokwepesha macho. Alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chao nyuma ya gereji, akimkanda mtoto wao Kavenya kwa kitambaa cha maji. Homa ilikuwa imeingia siku ya tatu.

Kilonzo alilegeza nati ya bomba la kwanza. Gesi ikafoka, barafu nyembamba ikamganda vidoleni. Alitoa kompresa akailaza juu ya gunia. Kufikia saa saba alikuwa ameifumua dashibodi na kukitoa kile kisanduku. Palibaki tundu jeusi lenye harufu ya chumba kilichofungwa kwa miaka. Akaenda dukani kutafuta mpira wa kuliziba.

"Hodi," sauti ilisema, taratibu, kama ya mtu mwenye adabu.

Mbodze alikuwa ameinama, anakamua kitambaa. "Karibu," akaitika, kama alivyofunzwa kwao kumwitikia kila abishaye, kabla ya kuinua macho.

Alipoyainua hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa utosini, ua mtupu, mlango wa gari wazi. Kisha baridi ikampitia miguuni. Ilisita kidogo kizingitini, kama mtu avuaye viatu, ikaingia ndani.

Kilonzo aliporudi na kusimuliwa, alicheka. "Nyinyi watu wa pwani! Hata upepo mnaukaribisha!" Akamgusa mtoto. "Lakini afadhali, homa imeshu..." Mkono wake ukarudi wenyewe. "Mbodze, mbona amekuwa kama samaki wa kwenye friji?"

Kavenya alikuwa macho. Midomo ilikuwa imekwajuka. Alikuwa akitazama kona ya kitanda na kutabasamu, kama watoto wanavyomtabasamia anayewachezea.

Salimu alirudi saa tisa. Aliposikia habari, alikaa chini.

"Hiyo baridi ilinibishia hodi humo garini kila nilipofunga madirisha," alisema. "Sikuijibu hata mara moja."

"Na hukutuambia?" Kilonzo alimkamata ukosi.

"Ningekwambia, ungeipokea kazi?"

"Mwache, baba Kavenya," Mbodze alisema.

"Basi tumpeleke mtoto hospitali!" Kilonzo alisema.

"Mkimpeleka, mgeni atamfuata. Nimemkaribisha mimi, ataondoka nami."

Aliingia chumbani. Pumzi yake ilionekana mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani. Alisogeza kigoda kwenye ile kona, akaweka bilauri ya maji juu ya sahani, akangoja. Maji yalipoganda, alijifunga leso kama mtu anayetoka.

"Umekunywa, umepumzika," alisema. "Kwetu mgeni husindikizwa. Twende."

Kidole kimoja cha baridi kilimgusa kiganja, kisha mkono mzima ukashika wake.

Walipita mbele ya Kilonzo, mbele ya Salimu, mbele ya gari lililofumuliwa. Walishika barabara ya kuelekea Msambweni. Kabla hawajafika hatua mia moja, Mbodze akasikia nyuma yake kilio cha Kavenya, kikali, cha mtoto anayesikia joto na njaa. Furaha ilimjaa. Akataka kugeuka.

Lakini kwao msindikizaji hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Basi, rudi." Akigeuka kabla, mgeni hurudi naye.

Alingoja aambiwe. Walipita shamba la mwisho la mihogo, kisha wakaipita minazi. Kilio kilififia. Mgeni alikuwa akitembea taratibu, bila haraka, hasemi kitu, na mkono wake bado ulikuwa umeukamata wa Mbodze.