Linang'aa, Baba

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Alhamisi, tarehe kumi na nane Septemba, hapo ndipo ilipoanzia, si kabla, kabla ya hapo ulikuwa uongo tu na uongo haukuwa na haraka... mama alitoka jikoni ameshika simu mbali na sikio akasema, "Kaka yako Sila anasema baba yenu ametoka chumba cha upasuaji salama, kesho saa tatu asubuhi wanamfungua bandeji ya jicho, na wewe Ruthu uende na gari, anataka kitu cha kwanza kukiona kiwe gari lake," akarudi ndani kumpigia mjomba Batholomeo kule Chemba ampe habari, hakuniangalia usoni, nami nikabaki nimesimama uani mbele ya hilo gari kama mtu aliyeitwa jina lake kituoni, na sasa ni saa kumi na moja kasoro robo, nimesugua nusu ya boneti, nusu ya kushoto peke yake, mkono wa kulia siuhisi kuanzia kiwiko kushuka, na bado mbele yangu kuna nusu ya kulia, milango minne, buti, paa, paa sitaki hata kuliwaza, paani rangi imebabuka kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuugua surua, ukipitisha kucha inanyanyuka na kuacha bati. Msasa wa maji namba elfu mbili, kisha dawa ya kusugulia, kisha kitambaa kikavu, kisha nta, hivyo ndivyo fundi Ludovick alivyonielekeza, nilimkimbilia Miyuji na bodaboda mara tu mama alipogeuka, fundi rangi yule wa karibu na kona, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena, akasema, "Dada, hii rangi haijafa, imelala. Juu ni majivu, ukiyatoa chini utaikuta bluu yako," moyo ukainuka, nikamwambia nalihitaji kesho asubuhi, akacheka bila ubaya, "Gari zima? Labda ukaazime mikono kwa jirani," halafu akaikuza picha mara ya tatu na kuuliza, "Nani alikuwa anapaka dizeli hapa?" nikasema sijui. Uongo mwingine, sasa naudanganya hata umma wa Miyuji.

Mimi ndiye niliyepaka. Niliwaona vijana wa stendi wanavyoyafuta mabasi kwa tambara la dizeli mpaka yanametameta, nikaona nimepata dawa, kila nilipojua wageni wanakuja, shangazi au wazee wa usharika, nilichukua dizeli kwenye kopo la blubendi nikafuta upande unaoelekea getini, likang'aa jioni moja, jioni moja ilitosha, mgeni aliingia na kusema, "Mzee Elieza, gari lako bado linadai, utadhani jipya," baba akatabasamu kuelekea sauti ilikotoka, na mimi nikapumua... lakini kesho yake vumbi la Nkuhungu lilikuwa limeganda juu ya yale mafuta, na jua likalipika vumbi pale pale, mara kumi na nne nimefanya hivyo, nimezihesabu, kwa hiyo si jua peke yake lililoliua, wala si kutelekezwa, ni mimi niliyekuwa nalipamba. Sugua kwa duara, alisema Ludovick, duara ndogo, usikandamize, maji yasikatike. Nasugua kwa duara. "Ruthu," mama kutoka jikoni, "mlenda unapoa, ugali nao unaota ngozi, hilo gari litakimbilia wapi?" Nakuja mama. Siji. Kama ningekuwa mtu wa kawaida ningesema tangu siku ya kwanza, baba, rangi imeanza kupauka, basi, sentensi yenye maneno manne, ingeisha, lakini siku ya kwanza ilikuwa ile wiki niliyorudi na shahada yangu ya takwimu kwenye bahasha ya kaki, baba alikuwa amekaa barazani, ukungu umeshafunika macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli tu, mtu aliyepima viwanja vya nusu ya mji huu, aliyeweza kusimama barabarani akakwambia ukuta wa jirani umeingia kwako sentimita nane na kweli ukipima ni nane, akageuza uso akaniuliza, "Gari likoje?" nikalitazama, lilikuwa limeanza kuwa na weupe kama ubao uliofutwa vibaya, nikasema, "Linang'aa, baba." Uso wake ulifunguka. Ningefanya nini na uso ule.

Tangu hapo ikawa kama salamu, kila jioni, shikamoo baba, marahaba, gari je, linang'aa baba, na kwa kuwa baba si mtu wa kuridhika na neno moja nilimwekea vipimo, kuna kivumbi kidogo kioo cha nyuma nimekifuta, ndege amechafua paani upande wa dereva nimepaosha, bampa ina mkwaruzo wa kidole kimoja, ule ule wa zamani, haujaongezeka, uongo wangu ulikuwa na vipimo ndiyo maana ulisimama, miaka mitatu, sikudanganya kuhusu injini, hilo naweza kuapa, kila Jumamosi saa mbili nililiwasha, nikaangalia maji na oili, nikalizungusha mpaka barabara ya lami na kurudi, baba alisikia muungurumo na akajua ni mzima, rangi ndiyo niliyoiacha, niliona rangi haifanyi kazi yoyote. Na macho yangu ndiyo aliyokuwa akitumia kwa kila kitu, hapo ndipo panaponikaba, si gari, gari ni bati, lakini nilimsomea barua zote, nilimsomea karatasi za kiwanja cha Miyuji na kumshika kidole gumba nikakiweka juu ya mstari nikasema hapa baba, akabonyeza bila kuuliza, nilimwambia daktari ameandika nini, nilimwambia mama amekonda kidogo tu, kesho saa tatu na robo atasimama mbele ya gari hili na kuliona, kisha atanigeukia, na katika kichwa chake vitaanza kurudi kimoja kimoja, barua ile, karatasi ile, kidole kile, akijiuliza na hapo je, na hapo je. Alikuwa amekataa upasuaji miaka yote, "nimeshaona ya kutosha," mpaka mwezi uliopita alipoamka na kusema sawa, nifanyieni, nataka nilione gari langu kabla sijaondoka, na sote tulishangilia, mama alipiga vigelegele pale pale, nami nilipiga makofi, mikono yangu mwenyewe hii, nikipiga makofi.

"Ruthu, wewe, unaosha gari au unamchuna mbuzi?" mama Joha juu ya ua wa michongoma, kichwa na kilemba tu. Naosha, mama Joha. "Maana tangu saa kumi nakusikia kwarara kwarara, nikasema leo kwa mzee Elieza kuna supu." Anasubiri nicheke, nacheka. "Mzee anaendeleaje?" Anaendelea vizuri, kesho wanamfungua. "Bwana asifiwe. Ataona mengi huyo, ataona mpaka nilivyozeeka, mwambie aanze kwa kufumba," kichwa kinashuka, nasikia akicheka peke yake kuelekea kwake, na kila mtu mtaa huu anajua gari hili lilivyo, miaka mitatu hakuna aliyemwambia, kwa nini, waliniogopa, walinionea huruma, au walidhani anajua... maji yameisha kwenye ndoo, nabadilisha, nahamia mlango, boneti haitaisha leo na mlango ndio atakaoushika, atataka kuushika kwanza, mlango wa mbele kushoto, namwagia maji, nauacha ukauke nione weupe ulipo. Nalikamua tambara. Tambara lilikuwa jeupe, kipande cha shuka, sasa ni bluu, si bluu ya kuiva, ni bluu ya unga, nyepesi, imeingia kwenye mistari ya kiganja changu na chini ya kucha, naitazama, naijua, si rangi niliyoiona kwenye gari, niliiona kwenye beseni. Kila Jumatatu. Pindo la mkono wa kulia wa shati la kaki la baba, na mara nyingine kiunoni pale anapojifutia mkono, bluu hii hii, nilidhani ni wino, nikamnyang'anya kalamu zote mbili mfukoni na bado Jumatatu iliyofuata bluu ilikuwepo, nikasema basi ni ile nguo ya mama inayochuja, nikaanza kufua mbali mbali, mimi mtu wa takwimu, nikafua mbali mbali miaka miwili na sikuuliza data inasema nini.

Hatua kumi na moja kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, alizihesabu mwenyewe, alitukataza kumshika mkono, alikataa fimbo, na gari limeegeshwa sambamba na ukuta kuanzia hatua ya tatu mpaka ya nane. Nachuchumaa. Jua limeshuka, linapiga mlangoni kwa ubavu, na sasa mlango umekauka na weupe umerudi kila mahali, juu mweupe, chini mweupe, ila kati, usawa wa kiganja cha mtu mrefu anayetembea polepole, kuna mstari. Upana wa vidole vinne. Unaanzia taa ya nyuma, unapita juu ya gurudumu, mlango wa nyuma, unapanda kidogo kwenye kitasa, unashuka, mlango wa mbele, unaishia kwenye kioo cha pembeni, bluu, bluu ya kuiva kabisa, ya siku ile gari lilipokuja, laini kuliko nusu ya boneti niliyovunjia mkono alasiri nzima, hakuna msasa, hakuna dawa, ni kiganja, kwenda na kurudi, mara nne kwa siku, mara sita akinywa chai nyingi... naweka vidole vyangu juu yake, vinateleza. Aliyepima kwa macho miaka thelathini na mbili sasa alikuwa akipima kwa ngozi. Alijua. Aliingia ndani na unga wa rangi kiganjani, akaufuta kwenye shati, akakaa barazani, akaniuliza gari je, nikasema linang'aa baba, na uso wake ukafunguka, kila jioni, haukuwa uso wa mtu aliyedanganywa basi ulikuwa uso wa nini, sijui, nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nambeba. Na kivumbi cha kioo cha nyuma. Na ndege wa paani. Alinisikiliza nikimtungia ndege, kuanzia upande wa dereva, akaitikia mh, mh, akauliza ni ndege mkubwa au mdogo, nikasema mdogo. Nimechoka. Nimechoka tangu kabla ya leo, nadhani nimechoka tangu ile bahasha ya kaki. "Ruthu," mama tena, safari hii amesimama mlangoni kabisa na sahani iliyofunikwa, ananitazama nilivyochuchumaa, anatazama ninapogusa, "Hapo baba yako hupita," anasema, kama anayesema hapo maji hupita, anaweka sahani juu ya boneti, upande niliosugua, anarudi ndani. Tambara bado liko mkononi. Kopo la dawa lina zaidi ya nusu. Jua bado lipo, ningeweza kufika mlango wa nyuma, ningeweza kufuta mstari uingie kwenye mng'ao mmoja usionekane, nalifunika kopo.

Asubuhi, saa mbili na dakika arobaini, niliegesha gari nje ya wodi, nikamkuta kaka Sila amesinzia kwenye kiti na baba ameketi kitandani, wima, bandeji jicho moja, jingine na ukungu wake, mikono juu ya magoti. Shikamoo baba. "Marahaba." Kisha akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu. Gari je?" Sauti ile ile ya kila jioni. Nilisema, "Limepauka, baba. Lote. Miaka mitatu." Sila akafumbua macho. Baba akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa karatasi aliyokwisha kuiona, akasema, "Ubavuni najua. Paani ndiko mkono haufiki. Kukoje?" Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na goti lake, nikaanza na kona ya mbele kushoto, palipobabuka kipande cha kama kiganja hivi, bati linaonekana, kutu bado haijashika, kisha nikaja katikati, polepole, na muuguzi alipoingia na mkasi wake mdogo tulikuwa bado hatujafika kioo cha nyuma, baba akainua mkono akamwambia angoje kidogo.