Kiti cha Msikilizaji

Jumanne saa nne asubuhi mshonaji alikuwa akipinda sketi ya sare ya shule, simu kaibana kati ya bega na sikio, akimweleza mteja kwamba kitambaa cha kijani kimeisha na shule haitakubali cha bluu hata wazazi walie machozi. Alipogeuka kuchukua mkasi akamkuta mwanamume amekaa kwenye stuli, kati ya meza ya pasi na kabati la vitambaa. Alikuwa na shati jeupe lililokosa kifungo cha pili, hedfoni masikioni na daftari gotini. Mshonaji akamaliza maongezi, akakata simu, na yule mwanamume akatoweka. Aliposhika stuli akaikuta ina joto.

Hakupiga kelele. Wiki iliyotangulia mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni kuandikisha laini kwa alama za vidole, kama sheria mpya ya usalama wa mtandao ilivyotaka, na tangazo lilisema wazi kwamba huduma zitasogezwa karibu na mwananchi. Wahenga walisema kuta zina masikio. Hawakusema kwamba masikio hayo yatahitaji mahali pa kukaa.

Kufikia Ijumaa kila nyumba ilikuwa na msikilizaji wake. Walifika simu ilipounganishwa, wakaondoka ilipokatwa. Mwenye duka la dawa alipata mwanamke wa makamo aliyependa kusinzia. Kinyozi, ambaye alikuwa amewatangazia wateja wake kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa, alipata wawili. Siku ya kwanza akajiona mtu mkubwa, siku ya pili akaanza kwenda kwa mchumba wake kwa miguu kila alipokuwa na neno la kumwambia. Fundi simu wa pale kwenye kona akawawekea watu programu yenye kufuli, na kweli ilisaidia. Msikilizaji alibaki barazani amewapa mgongo, akaandika tu nani kampigia nani na wamekaa dakika ngapi. Mwezi uliofuata programu hiyo ikafungwa nchi nzima kwa ajili ya kulinda maadili, na wasikilizaji wakarudi ndani, baadhi yao na mafua.

Mshonaji aliishi na mama yake katika vyumba viwili, cha mbele kikiwa ndicho karakana. Mama alikuwa na miguu iliyovimba na sikio moja tu lililofanya kazi, kwa hiyo simu za nyumba ile zilizungumzwa kwa spika. Yeye ndiye aliyeamua kwamba si adabu mtu akae nyumbani kwa watu akiwaangalia wenzake wanakunywa chai. Msikilizaji akapewa chai. Alishukuru, akaiandika kwenye daftari, akainywa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa jembe halikuwepo, akapewa bakuli la vifungo na sindano.

"Mwanangu, mkono huo umekaa bure," mama alimwambia.

"Naandika, mama."

"Unaandika kwa wa kulia. Na huo wa kushoto umekuja kutembea?"

Vifungo vyake vya kwanza vilidondoka kabla shati halijavuka kizingiti. Mshonaji alimfundisha kuacha nafasi ndogo chini ya kifungo, kuzungusha uzi mara tatu, kisha kufunga fundo kwa ndani. Alikuwa mwepesi wa kushika. Wiki ya tatu mshonaji alianza kuwaacha wateja hewani makusudi, wakijisemea peke yao habari za mvua, ili msikilizaji apate kumaliza mstari. Hata kile kifungo kilichokosekana kwenye shati lake mwenyewe alikishona pale pale, kwa uzi wa nyumba ile, na mama akasema sasa angalau anafanana na mtu mwenye kwao.

Kubwa zaidi lilikuwa sikio lake. Alijua kwa mlio tu kama sindano ni butu, kama uzi umelegea chini au juu. Mshonaji akamweleza pia habari za matundu ya vifungo. Mjini kulikuwa na mashine moja tu ya kuyatoboa, dude la chuma la zamani nyuma ya kinu cha unga, na mafundi wote walipeleka mashati yao kule kila Alhamisi. Mashine ile ilipiga mara tatu haraka, ikatulia, ikapiga tena mara tatu. Kila mshonaji alipompigia mwenye mashine kuulizia mashati, msikilizaji aliusikia mdundo ule na kutikisa kichwa kwa kuufuata.

"Huyu angepata ufundi mapema angefika mbali," mama alisema.

"Baba alitaka niwe na kazi ya ofisini," msikilizaji alijibu.

Jambo moja halikuzungumzwa mbele yake, nalo ni mwalimu.

Mwalimu alikuwa mdogo wake mshonaji, mtoto wa mwisho wa mama, na alifundisha hesabu. Shule yake ilipoagizwa kuchukua alama za vidole vya watoto wa darasa la kwanza, aliandika swali kwenye kundi la simu la wazazi: vidole hivi vinahifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo? Aliandika mistari miwili tu na kuweka alama ya kuuliza. Kesho yake polisi waliandika kwamba anatafutwa kwa kupotosha umma mtandaoni, na yeye hakulala tena nyumbani. Wazazi themanini na wanne walikuwa wamelisoma lile swali. Sabini wakajitoa kwenye kundi siku hiyo hiyo, na hakuna aliyelijibu.

Alikuwa kwa mwenye mashine ya matundu, chumba cha nyuma, kati ya magunia ya vipande vya nguo. Mshonaji alijua kwa sababu kila Alhamisi mashati yaliporudi, moja lilikuwa na karatasi mfukoni. *Sijambo. Mwambie mama asiache dawa.* Mshonaji aliisoma, akamsomea mama kwenye sikio zima, akaitia jikoni kwenye moto. Karatasi haikuwa na laini wala kidole, na wiki tano zikapita salama.

Wiki ya sita daktari alisema mguu wa kushoto wa mama ukatwe Jumatatu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama atarudishiwa kiatu kimoja, kisha akasema hakatwi kitu kabla hajamsikia mwanawe.

"Mama, na yule msikilizaji atasikia," mshonaji alisema.

"Yule ni mtu wetu."

"Ni mtu wao. Anashona vifungo vyetu tu."

"Wewe umezaa?" mama aliuliza, na mshonaji hakuwa amezaa. Alimwonea mama huruma, na alimkumbuka mdogo wake, na kweli ni kwamba yeye mwenyewe alitamani kuisikia sauti ile.

Wakapatana kwa karatasi mfukoni. Mwalimu angepiga Jumamosi saa tano asubuhi kwa simu ya mpita njia ambaye laini yake haijaandikishwa, dakika mbili, pasipo kutaja mahali, na mashine ingezimwa.

Jumamosi saa tano simu ililia. Msikilizaji akatokea kwenye stuli, akasikia neno "mama" linavyotamkwa, akaelewa. Aliwatazama wote wawili. Kisha akaweka kalamu chini, jambo ambalo haruhusiwi, akachukua bakuli la vifungo na kuwageuzia mgongo.

Mwalimu alimuuliza mama habari za mguu. Mama akasema mguu si kitu, una ndugu yake. Akamuuliza anakula nini, analala wapi, na mwalimu akacheka akasema anakula na analala. Dakika mbili zikapita. Mshonaji alionyesha vidole viwili, mama akafumba macho ili asivione. Akaanza kumkumbusha alivyozaliwa akitanguliza miguu, mkaidi tangu tumboni. Dakika ya nne ikapita, na ya tano. Kule nyuma ya kinu mwenye mashine alikuwa na mashati arobaini ya kwaya yanayotakiwa kesho. Aliona dakika mbili zimekwisha kitambo, akaiwasha.

Mara tatu haraka, ikatulia, mara tatu tena.

Msikilizaji aliinua kichwa. Uso wake ulichanua, furaha ya mwanafunzi aliyejua jibu.

"Mashine ya matundu hiyo," alisema.

Nyuma yake, kati ya kabati na ukuta, akatokea mwanamke mwembamba mwenye hedfoni zake na daftari lake. Kila msikilizaji naye ana wake. Huyo huja pale msikilizaji anapotamka kwa mdomo kile alichokisikia simuni. Mwanamke akaandika neno moja, akapiga mstari chini yake, akatoweka. Mdomo huponza kichwa, lakini siku hiyo kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mtu mwingine.

"Dada," msikilizaji alisema. Bakuli lilikuwa limemponyoka na vifungo vilikuwa vinabingirika mpaka chini ya kitanda cha mama.

Mshonaji alikuwa ameshatoka. Hakuvaa viatu. Kutoka kwake mpaka kwenye kinu ni dakika ishirini kwa miguu, na kwa gari ni tano. Alipofika mashine ilikuwa imezimwa, shati la kwaya bado limebanwa chini ya sindano, na mwenye mashine hayupo wala mwalimu hayupo. Alisimama pale akipumua. Kisha akalitoa lile shati taratibu ili lisichanike, maana lilikuwa la watu.

Jumatatu mguu ukakatwa kama ilivyopangwa. Mwenye mashine alirudi Jumatano, akaendelea na kazi, na tangu hapo husema kwa kichwa tu. Kuhusu mwalimu, mshonaji alizunguka vituo vyote vitatu vya polisi vya mji. Kila kituo askari aliandika jina kwenye kompyuta, akasubiri, akamgeuzia kioo ajionee mwenyewe.

"Hayupo kwenye orodha, dada."

"Mlimchukua Jumamosi. Watu wa kinu wameliona gari."

"Angekuwa kwetu angekuwa kwenye orodha. Kwa kuwa hayumo, ina maana bado anatafutwa." Kisha akampa fomu ya kutoa taarifa endapo atamwona.

Mama aliporudi kutoka hospitali alianza kuipiga namba ya zamani ya mwalimu kila siku baada ya chakula cha mchana. Sauti ya kike ilimjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Lakini namba ilikuwa bado kwenye faili, kwa hiyo msikilizaji alikuja.

Siku ya kwanza mshonaji alimsimamia mbele, futi kamba mkononi.

"Umekunywa chai yetu."

"Nimekunywa, dada."

"Nimekufundisha kazi kwa mkono wangu."

"Umenifundisha." Alikuwa analia, na machozi yalidondokea kwenye daftari, naye akayaandika. "Kama nisingejua mlio ule, ningeandika kelele. Kwa wiki tatu za kwanza kila kitu cha humu ndani nilikiandika kelele."

Mshonaji alikaa chini. Alimchukia, na alijichukia zaidi, na hapakuwa na namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Mama ndiye aliyeuliza lililokuwa la maana kwake. "Wewe ulikuwa wa mwisho kumsikia. Maneno yake mnayaweka wapi?"

"Yapo, mama. Hayafutwi."

"Yote?"

"Miaka saba."

"Vidole tumetoa juzi."

"Vidole vilikuwa vya kukamilisha faili tu," msikilizaji alisema.

Mama hakuonekana kushangaa. Alijisogeza kwenye mto, akageuza sikio zima. "Basi nipe," alisema.

Msikilizaji akavua hedfoni, akafungua mdomo, na sauti ya mwalimu ikatoka, changa kidogo, yenye mafua ya mwaka alioanza kufundisha. *Mama, leo wamenipa darasa la tatu. Watoto sabini na mbili, na chaki mbili.* Mama akacheka mpaka akashika kidonda. "Zivunje katikati, zitakuwa nne," alijibu, kama alivyojibu wakati ule. *Nimezivunja,* sauti ikasema.

Tangu siku hiyo ndivyo wanavyofanya. Mshonaji huendesha cherehani polepole ili asiwazibe. Wakati mwingine mama huchagua mwaka, wakati mwingine humwachia msikilizaji achague, naye ana busara, hampi simu za siku za msiba. Wanapokaribia mwisho mama huuliza, "Unakuja lini?" na katika miaka ile saba mwalimu alikuwa na jibu moja tu. *Jumamosi, mama. Nakuja Jumamosi.*

Yule mwanamke mwembamba huwa ameshatokea nyuma ya kabati, maana msikilizaji anatamka ya simuni. Huandika kwamba mtuhumiwa amewasiliana na familia na anatarajiwa Jumamosi. Hakosei, ndicho alichosikia.

Kwa hiyo kila Jumamosi, tangu saa mbili asubuhi, gari jeusi huegeshwa ng'ambo ya barabara, wanaume wawili ndani, vioo vimepandishwa. Hukaa mpaka jua linapozama. Mara ya kwanza mshonaji alitaka kufunga dirisha, mama akamkataza. Alisema asogezewe kiti karibu, akakaa na kitambaa kilichofunika pale mguu ulipokuwa, akawa anaitazama barabara upande huu na upande ule, na wanaume wa kwenye gari wanatazama pande zile zile.

"Wale ni watu wenye kazi zao," mama alimwambia binti yake. "Hawawezi kukaa kutwa nzima bure. Kama na wao wanamngoja, basi anakuja."

Mshonaji alitia uzi kwenye sindano, akaukosa, akatia tena.